Kutoka Kichwani Hadi Kikaangoni: Kodi na Bei ya Chakula Ngara na Biharamulo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam ikifika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, imeshameza zaidi ya kilomita elfu moja. Kutoka hapo inapita Lusahunga na Nyakahura, inaingia Ngara, na mbele ya safari inagawanyika: upande mmoja unashuka Rusumo, penye daraja la kuvukia kwenda Rwanda, na mwingine unapanda Kabanga, mlango wa Burundi. Malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura hupita hapa usiku na mchana, na palipo na malori hapakosi kikaango. Alfajiri, kabla ya jua kugusa milima, akina mama wa Nyakanazi na wa Benaco, wilayani Ngara, wameshakanda unga, mafuta yanachemka, na madereva wanaagiza chai ya rangi na maandazi mawili mawili.

Ukiuliza kwa nini andazi limepanda bei, utaambiwa habari za ngano, sukari na mafuta. Jibu hilo ni sahihi, lakini halifiki mwisho. Kwa zaidi ya miaka mia moja, bei ya chakula katika wilaya hizi mbili imepangwa na mvua kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili imepangwa na watu walioketi mbali: waliochora mpaka, walioweka geti la ushuru, waliotoa na kunyima vibali, na wanaosoma bajeti kila Juni. Kodi iliyoanza kwa kudaiwa kichwa kwa kichwa imehama polepole, na leo sehemu kubwa yake inalipwa ndani ya sufuria.

Kabla ya serikali za kikoloni, watu wa huku walijua kutoa, ila hawakutoa fedha. Wahangaza wa Bugufi, katika Ngara ya leo, walikuwa chini ya himaya ya wafalme wa Urundi, Washubi walikuwa na utawala wao Bushubi, na Wazinza walitawaliwa na watemi wao upande wa Biharamulo na kusini mwa ziwa. Mkubwa alipelekewa pombe ya ndizi, ng'ombe, mazao ya shamba na siku za kazi. Jembe la chuma lililofuliwa na Warongo, mafundi mashuhuri wa Uzinza, lilikuwa zana na mali kwa wakati mmoja: mtu aliweza kulimia, kulipia mahari au kubadilishana. Chumvi ilitoka mbali, ikiwemo ile ya Uvinza. Mkungu wa ndizi ulikuwa na thamani, lakini haukuwa na bei ya kudumu kwa sarafu.

Wajerumani ndio waliodai sarafu. Kodi ya nyumba ilitangazwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897, ikalipwa kwa rupia. Ilichelewa kufika pembe hizi za magharibi, ambako utawala ulikuwa mwembamba, lakini boma lilipojengwa Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa wazi kwamba siku hiyo itafika. Kodi ya nyumba haikutazama kama mwaka umekuwa wa njaa au wa shibe. Ilihesabu mapaa.

Kisha ukaja mpaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji ziligawana koloni la Mjerumani kwa makubaliano ya mwaka 1919. Rwanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, lakini Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, ikabaki Tanganyika. Ndugu waliokuwa wakipelekeana maharage na pombe wakajikuta wako chini ya serikali mbili na sarafu mbili, faranga ng'ambo na shilingi huku. Tangu siku hiyo kila gunia la mahindi la Ngara limekuwa na bei mbili, na mtu mwenye baiskeli na moyo wa kuthubutu ameweza kuishi kwa tofauti iliyopo kati yake.

Waingereza walitunga sheria ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mwaka 1922. Mwanamume mzima asiye na nyumba alilipa kwa kichwa chake. Mwenye wake wengi alilipa kwa nyumba zao. Shida ilikuwa moja: shilingi itoke wapi? Bugufi ilikuwa na ndizi, maharage na mtama kwa wingi, lakini haikuwa na soko la kuvinunua. Reli ilikuwa mbali, na mkungu wa ndizi hauvumilii safari ya wiki. Kwa hiyo vijana wa Ngara na Biharamulo wakafunga safari kwenda kaskazini, wengine hadi mashamba ya kahawa ya Bukoba, wengine hadi Buganda kwenye pamba na kahawa za Waganda. Mtafiti Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu wahamiaji wa kazi Buganda, aliwakuta wengi waliotoka Ruanda, Urundi na upande huu wa Tanganyika. Walirudi na fedha ya kodi, blanketi, nguo na waliobahatika baiskeli. Nyumbani, jembe lilibaki kwa wanawake na wazee.

Hapo ndipo kodi ilipoanza kuonekana kwenye chakula bila mtu kuitaja. Familia iliyokuwa na deni la kodi iliuza maharage mapema, wakati kila jirani naye anauza, kwa bei ya kutupa. Miezi michache baadaye familia hiyo hiyo ilitafuta maharage ya kupanda na kula, wakati hakuna anayeuza. Mtindo huo, kuuza rahisi baada ya mavuno na kununua ghali kabla ya mavuno, haujafa hadi leo, ingawa sababu zake zimebadilika.

Kahawa ilileta nafuu. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Bugufi walikuwa na ushirika wao wa kahawa, miongoni mwa vyama vya mwanzo vya aina yake Tanganyika. Mkulima aliweza sasa kulipa kodi bila kwenda Buganda, lakini miti ya kahawa ilikalia ardhi iliyokuwa ya migomba na maharage, na bei yake iliamuliwa ng'ambo ya bahari. Mwaka ambao kahawa ilianguka, wali na sukari viligeuka vyakula vya Krismasi.

Uhuru haukuifuta kodi ya kichwa papo hapo. Halmashauri ziliendelea kuikusanya, pamoja na ushuru wa mazao. Kisha mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaviondoa vyote viwili. Mwaka huo huo ikaanzishwa kodi ya mauzo, iliyotozwa kwenye bidhaa za viwandani. Hesabu za taifa zilizibwa pengo, na kijijini watu wakashangilia kwa haki kabisa, maana hakuna tena aliyekimbilia porini kumkwepa mkusanya kodi. Lakini tangu hapo, aliyenunua bia, sigara, soda au kitenge alikuwa akilipa kodi aliyodhani imezikwa. Hakuna mwaka mwingine unaoeleza vizuri zaidi historia ya kodi nchini: mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa siku zile zile.

Miaka ya 1970 ilileta jaribio kubwa zaidi. Mwaka 1973 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilipewa ukiritimba wa kununua nafaka, na serikali ikatangaza bei moja kwa nchi nzima. Kwa karatasi, Biharamulo ilipata neema: mkulima wa pembezoni alipaswa kulipwa kwa kilo sawa na mwenzake aliye karibu na reli au Dar es Salaam, na gharama ya lori ikabebwa na shirika. Kwa vitendo, malipo yalichelewa, maghala yalijaa au kukosa magunia, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivyokuwa vikikusanya mazao vikavunjwa. Aliyehitaji fedha haraka alijua njia ya vichochoroni kuelekea Burundi.

Sera hiyo ilikuja na vizuizi vyake. Kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali; mtu binafsi aliruhusiwa kubeba kilo 30 tu. Hebu mtu awaze safari ya kutoka Biharamulo kwenda Mwanza na gunia moja la mahindi la kuwalisha ndugu: gunia hilo lilikuwa kosa. Kila kizuizi barabarani kilikuwa na askari, na kila askari alikuwa na bei yake. Gharama hiyo haikuandikwa popote, lakini aliyekula mwisho ndiye aliyeilipa.

Kisha vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, na baada ya ushindi mkoa ukapewa jina la Kagera. Ngara na Biharamulo hazikukaliwa na adui, ila zilionja yaliyofuata kama nchi nzima: hazina tupu, viwanda vimesimama, sukari na sabuni havionekani. Duka la kijiji liligawa kwa foleni na kwa orodha. Sukari ilipatikana kwa robo kilo, na mara nyingi kwa kujuana. Mipakani magendo yalinoga. Kahawa ilitoka, nguo, sabuni na betri za redio vikaingia. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, maduka mengi yalifunga, na kwa wiki kadhaa kikombe cha chai yenye sukari kilikuwa jambo la kusimulia.

Mabadiliko yalianza na bajeti ya Juni 1984. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na kiwango cha nafaka ambacho mtu aliweza kusafirisha bila kibali kikapandishwa hadi kilo 500. Mwaka 1987 kizuizi hicho kikafutwa kabisa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, rafu za maduka zilijaa tena. Bei nazo zilipanda. Mtu aliyekuwa na fedha bila sukari sasa aliona sukari bila fedha.

Wakati huo huo halmashauri za wilaya, zilizofutwa mwaka 1972, zilirudishwa, na mwaka 1984 zilikuwa kazini. Zilihitaji mapato. Kodi ya kichwa ikafufuka kwa jina la kodi ya maendeleo, na ushuru wa mazao ukarudi na mageti yake.

Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 hawahitaji kukumbushwa. Siku ya gulio, mgambo walijipanga njiani. Mwanamume alitembea na risiti ya kodi ya maendeleo kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, ikilindwa kuliko fedha yenyewe. Asiyekuwa nayo aligeuza njia, akakosa soko, na mkungu wake ukaivia nyumbani. Wengine waliuza kuku njiani kwa nusu ya bei ili wapate cha kulipia. Kwenye geti la mazao, karani alihesabu magunia, akaandika stakabadhi, na mchuuzi akaongeza kiasi hicho kwenye bei kabla lori halijaondoka. Mzigo ukipita wilaya tatu, hadithi ilirudiwa mara tatu.

Katikati ya miaka hiyo Ngara ikageuka jina la dunia nzima. Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, yalikuwa yameshaleta maelfu ya wakimbizi. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Walikusanywa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kambi nyingine zikafuata, Lumasi, Musuhura na Lukole. Katika wilaya iliyozoea magulio ya mara moja kwa wiki, mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania uliota ndani ya siku chache.

Kilichotokea kwenye bei kingetosha somo zima la uchumi. Mashirika ya misaada yaligawa mahindi, maharage na mafuta ya kupikia, bidhaa zilizoingia nchini bila ushuru wa forodha kwa kuwa ni msaada. Lakini mkimbizi kutoka Rwanda au Burundi aliyezoea ndizi, mihogo na viazi hakufurahia mahindi makavu kila siku. Akayauza au kuyabadilisha. Wenyeji wa Ngara wakanunua mafuta ya msaada kwa bei ambayo hakuna duka la Mwanza lingeweza kushindana nayo, na wakauza ndizi, ambazo hakuna ndege iliyoleta. Watafiti Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika makala waliyochapisha mwaka 2010, walichambua bei za magharibi mwa Tanzania katika kipindi hicho na kukuta kwamba vyakula visivyogawiwa kama msaada vilipanda sana, huku vile vilivyogawiwa vikipanda kwa kiasi kidogo. Waliona pia kwamba kaya za vijijini karibu na kambi ziliongeza mali, na za mjini zikapungukiwa. Kwa maneno mengine, mwenye mgomba alicheka. Mwalimu na karani, wanaonunua kila wanachokula, ndio waliolipa.

Serikali nayo iliongeza kipengele chake. Baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka Burundi, nchi za jirani zilikutana Arusha Julai 1996 na kuiwekea vikwazo vya biashara. Mpaka wa Kabanga ukafungwa kwa shehena za kawaida hadi Januari 1999. Sera ilikusudiwa kuwabana wakubwa wa Bujumbura. Huku Ngara ilimaanisha mnunuzi wa maharage na mahindi kutoka ng'ambo ametoweka mchana na kurudi usiku. Mwisho wa 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na Lukole, kambi ya mwisho ya Warundi wilayani, ilidumu hadi 2008. Soko la Benaco lilibaki. Kituo cha malori cha leo kimesimama juu ya msingi wa biashara ulioanza na wakimbizi.

Katika bajeti ya Juni 2003, serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na utitiri wa kodi ndogo ndogo zilizoitwa kodi za kero, na ushuru wa mazao ukawekewa kikomo cha asilimia 5. Risiti ile ya mfukoni ikakosa kazi. Ulikuwa ushindi halisi kwa mkulima, na hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuirudisha hadi leo.

Halmashauri, hata hivyo, ziliposhikwa na ukata ziliutazama ushuru wa mazao kama chanzo chao kikubwa kilichobaki. Geti likawa kali zaidi. Na mchuuzi alikuwa na dawa yake ya zamani: lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba juu lilihesabiwa kama gunia moja kwenye geti na kulipiwa mkulima kama gunia moja, ingawa lilibeba zaidi ya kilo 100. Wakala wa Vipimo umeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, lakini ushuru unaohesabu magunia badala ya kilo ndio uliompa mchuuzi sababu ya kulijaza gunia kupita kiasi.

Nafuu nyingine ilikuja mwaka 2017. Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alitangaza kushusha ushuru wa mazao hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na asilimia 3 kwa ya biashara, na kumsamehe anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mtu mwenye pikipiki na magunia mawili ya maharage kutoka Ngara kwenda Biharamulo hakupaswa tena kusimamishwa. Bajeti hiyo hiyo ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na kufidia pengo kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Mafuta ya taa! Bibi wa Bugufi asiyemiliki hata toroli akaanza kuchangia leseni ya gari kila alipojaza kibatari. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kwa mkupuo kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita. Lengo lilieleweka, na wachakachuaji walipungukiwa. Lakini muuza maandazi aliyeamka saa kumi usiku na kukandia unga kwenye mwanga wa koroboi hakuwa mchakachuaji, na bili ilimfikia yeye vilevile.

Dizeli ndiyo kodi ambayo Ngara haiwezi kuikwepa. Tozo za mafuta hupangwa kwa shilingi kwa lita, sawa kwa nchi nzima, lakini lita zinazohitajika kulifikisha gunia la ngano Ngara ni nyingi mara kadhaa kuliko za kulifikisha Morogoro. Juu yake, bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hujumuisha gharama ya kuyasafirisha mafuta yenyewe, hivyo wilaya za mbali hununua dizeli kwa bei ya juu kuliko Dar es Salaam. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita. Kila moja ya namba hizo ilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kuingia kwenye karai la unga.

Chukua andazi moja la Nyakanazi. Unga wake umetokana na ngano ya kuagizwa, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoza ushuru wa forodha wa asilimia 10 badala ya asilimia 35 za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unga uliosagwa nje hukutana na ushuru mkubwa zaidi, ili viwanda vya ndani visizimwe. Mafuta ya kukaangia, kama ni mawese yaliyosafishwa nje, yalipandishiwa ushuru hadi asilimia 35 mwaka 2018, ili kumlinda mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma. Sukari ya nje ina ushuru wa asilimia 100. Kuni au mkaa una ushuru wake wa misitu. Vyote hivyo vimebebwa kwa dizeli, na mtaji wa kuvinunua mara nyingi umetumwa kwa simu.

Sukari ina kichekesho chake. Kiwanda cha Kagera Sugar kipo Missenyi, ndani ya mkoa huu huu, lakini ukaribu huo haumsaidii sana mnunuzi wa Biharamulo, kwa kuwa bei hufuata uhaba wa taifa. Februari 2016 Rais John Magufuli alizuia uagizaji wa sukari bila kibali maalumu. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, na ndani ya miezi michache sukari ikaadimika na kuuzwa juu ya bei hiyo. Januari 2024, mvua kubwa zilipopunguza uzalishaji viwandani, bei elekezi ya rejareja ilikuwa kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa. Mara zote mbili, bei iliyotangazwa na bei ya dukani zilikuwa vitu viwili.

Magufuli alikuwa mtoto wa huku. Alizaliwa Chato, na aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, kabla Chato haijawa wilaya. Aliwajua wachuuzi na wakusanya ushuru waliowafukuza kwa mijeledi ya maneno na wakati mwingine ya kweli. Tarehe 10 Desemba 2018 aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 25,000 kwa kila mkoa. Kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 aliuza bila kusumbuliwa. Wengi walishukuru. Wengine, hasa wenye beseni moja la karanga, waliuliza shilingi 20,000 ni faida ya siku ngapi. Ilikuwa, kwa sura yake, kodi ya kichwa iliyokuja na kitambulisho, lakini kwa tofauti moja kubwa: aliyelipa alipata amani.

Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30, na ikalegezwa zaidi miaka iliyofuata. Katika wilaya ambako matawi ya benki ni machache, simu ndiyo benki. Mnunuzi wa maharage wa Kahama akituma fedha Kabanga, na mwenye duka wa Ngara akilipia katoni za mafuta Mwanza, tozo ilikaa kwenye hesabu zao na kutoka kwenye bei ya rejareja.

Muuza maandazi hana nafasi ya kupandisha bei kwa shilingi 7. Sarafu hazimruhusu, na wateja wake ni wanafunzi na vibarua wenye sarafu moja mkononi. Anachofanya kinaonekana ukisimama kando ya meza yake. Kilo ya unga iliyokuwa ikitoa idadi fulani ya madonge hutoa sasa madonge mengi zaidi, kila moja likiwa dogo. Sukari hupunguzwa kijiko, hamira huongezwa ili andazi livimbe na kujaza macho. Bei hubaki ile ile kwa mwaka au zaidi, kisha siku moja huruka mara mbili, kutoka sarafu hadi sarafu, na ukubwa wa zamani hurudi kwa wiki chache. Wateja hulalamika siku ya kuruka. Siku za kupungua hupita kimya.

Ni haki kusema upande wa pili. Fedha za kodi na mikopo iliyolipwa kwa kodi ndizo zilizoweka lami kati ya Nyakanazi na mpakani, na bila lami hiyo sukari ingefika kwa bei ya dawa. Tanzania, Kenya na Uganda zilianza Umoja wa Forodha mwaka 2005. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na kuanza kutekeleza forodha ya pamoja mwaka 2009. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilifunguliwa Aprili 2016 na Marais Magufuli na Kagame, na lori linalokaguliwa mara moja badala ya mara mbili huokoa siku. Mchuuzi mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 ana cheti rahisi cha uasilia kinachomruhusu kuvuka na mazao ya Jumuiya bila ushuru wa forodha. Wengi wa wenye vikapu hawakijui cheti hicho, na bado hupita njia za panya kukwepa ushuru ambao haupo.

Hata hivyo, dhamana hiyo ya mpaka ulio wazi huvunjika kwa tamko moja. Juni 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi bila kuyasaga. Mnunuzi wa mjini alipata mahindi rahisi. Mkulima wa Biharamulo aliyekuwa na ghala lililojaa na mpaka usiofika saa tatu kwa lori aliuza kwa hasara. Zuio liliondolewa baadaye, lakini msimu uliopita haurudi, na aliyelima kwa mkopo alishaulipa kwa ng'ombe.

Bajeti ya Tanzania husomwa Dodoma katikati ya Juni na kuanza kutumika Julai 1, wakati maghala ya Ngara na Biharamulo bado yana maharage ya msimu. Mwananchi wa wilaya hizi hana haja ya kuisoma yote. Asome mistari minne: dizeli, sukari, ngano na mafuta ya kula, na kama ana shamba, aongeze wa tano, ushuru wa mazao. Kisha amwulize diwani wake na mbunge wake swali ambalo babu yake, aliyekuwa na risiti mfukoni, aliweza kuuliza kwa urahisi kuliko yeye: nimelipa kiasi gani mwaka huu, na kimekwenda wapi?